Mchumba wangu ni Myahudi: ni lazima nibadili dini ndipo anioe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 31, ni muuguzi, nimezaliwa Moshi na nimelelewa Kilutheri. Sasa naishi London. Mchumba wangu ni Myahudi. Yeye mwenyewe sinagogi anakwenda sikukuu kubwa tu, lakini kwao ni watu wa sinagogi la Kiorthodoksi, wale Wayahudi wanaoshika sheria ya jadi, na mama yake amesema wazi kwamba hakuna harusi mpaka nibadili dini. Mchumba ananiambia, “Tufanye yaishe, ni makaratasi tu.” Mama yangu amesikia, analia kwenye simu, anauliza kama nitamkana Yesu. Naomba unieleze: ni lazima? Inachukua muda gani? Watoto wangu watakuwa nani? Na nikishabadili, bado nitakuwa mtoto wa mama yangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi si rabi, ni mwalimu wa historia ya dini, kwa hiyo nitakueleza sheria ilivyo na inavyotumika. Hukumu yenyewe utaipata kwa wenye dini yao.

Nianze na neno la mchumba wako, maana linanitia wasiwasi kuliko hata machozi ya mama yako. Hayo si makaratasi. Katika Uyahudi kubadili dini ni shauri linaloamuliwa na mahakama ya watu watatu, iitwayo bet din, na jambo la kwanza wanalolichunguza ni kama umekuja kwa ajili ya mwanamume. Wakiona ndivyo, wengi watakuonyesha mlango kwa upole.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunalipima jambo hili kwa Uislamu, kwa kuwa ndio tunaouona mtaani. Binti wa Kikristo akipendana na kijana wa Kiislamu, akitaka kusilimu anatamka shahada, na wiki hiyohiyo anaweza kufungishwa nikahi. Asipotaka, bado sheria inamruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul-Kitabu aliyebaki na dini yake. Ungetegemea Wayahudi nao wawe na mlango kama huo. Hawana. Kwa sheria yao ya jadi, halakha, ndoa kati ya Myahudi na asiye Myahudi haifungiki, awe Myahudi ni mume au ni mke. Mbele ya sheria hiyo ni kama haikuwahi kuwapo, hata wawili hao wakiachana hakuna talaka ya kidini inayohitajika. Wanaitegemeza kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 7, na kwenye Ezra sura ya 9 na 10, pale watu waliorudi kutoka Babeli walipoamriwa kuwaacha wake wa kigeni. Utaniuliza: na Musa je, aliyemwoa binti wa kuhani wa Midiani? Marabi walishajibu zamani kwamba Sipora aliingia katika imani ya mumewe. Wanahistoria na wabishane wanavyotaka, sheria imekaa hapo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ukitaka harusi ya Kiorthodoksi, ndiyo, ni lazima. Ukitaka ndoa tu, siyo lazima hata kidogo. Nitarudi huko.

Mama mkwe wako mtarajiwa huenda ameshakutajia Ruthu. Kila mtu humtaja. “Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu.” Kwenye harusi zetu za Kikristo maneno hayo husomwa kana kwamba bibi harusi anamwambia bwana harusi. Fungua Biblia yako uangalie anayeambiwa. Ruthu anamwambia mama mkwe wake, njiani, mume akiwa ameshazikwa Moabu. Hana harusi mbele yake, hana cha kupata, na mama mkwe mwenyewe anamsihi arudi kwao. Ndiyo sababu marabi wakamfanya kielelezo cha mtu aliyeingia kwa moyo wake. Naomi alimwambia arudi mara tatu, na hapo ikatoka desturi ya rabi kumkatisha tamaa mwombaji mara tatu kabla ya kumsikiliza.

Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, katika kitabu chake cha Yevamot, inaeleza mwombaji anavyohojiwa. Anaulizwa: umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba Israeli siku hizi wanateswa na kuonewa? Akijibu kwamba anajua na hajioni anastahili, wanampokea, kisha wanamfundisha amri chache nyepesi na chache nzito. Na katika chache hizo wanamtajia haki ya maskini shambani: masuke yaliyoanguka, mganda uliosahaulika, pembe ya shamba isiyovunwa. Hayo ndiyo masuke aliyookota Ruthu katika shamba la Boazi. Sheria hiyo inamlisha mgeni, ndiyo maana mgeni anafundishwa mapema.

Siku hizi swali limebadilika sura, lakini ni lilelile. Waamuzi wa bet din watakuuliza kwa namna moja au nyingine: huyu kijana akikuacha mwezi ujao, bado utakuja? Jiulize wewe kabla hawajakuuliza wao, na ujiulize akiwa hayupo chumbani.

Usije ukadhani sheria haina huruma. Yevamot hiyohiyo inakubali kwamba aliyeingia kwa sababu ya ndoa, akiwa ameshaingia kwa utaratibu kamili, ni Myahudi. Hapaswi kupokelewa kwa sababu hiyo, lakini akishapokelewa hafukuzwi. Na Maimonides, mwanasheria mkuu aliyeishi Misri karne ya 12, aliletewa shauri la kijana aliyekuwa akiishi na mjakazi wake. Kwa sheria kali kijana huyo hakuruhusiwa kumwoa. Maimonides akaamua amwache huru na amwoe, akasema: bora ale mchuzi kuliko kula mafuta yenyewe, yaani bora kosa dogo kuliko kubwa. Marabi kadhaa wa karne ya 19 na 20 walikishika kijisentensi hicho cha mchuzi na kuwapokea watu ambao tayari walikuwa wanaishi na Wayahudi. Lakini usiweke matumaini yako hapo. Mahakama ya Kiorthodoksi ya London inajulikana kwa ukali wake kuliko kwa mchuzi.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo lako, ambacho nadhani hakuna aliyekuambia. Hakuna Uyahudi mmoja unaotoa cheti kimoja. Kuna Waorthodoksi, kuna Wamasorti walio katikati, kuna Wanamageuzi na Waliberali walio huria zaidi. Kila kundi lina mahakama yake. Wanamageuzi watamtambua aliyepokelewa na Waorthodoksi. Waorthodoksi hawamtambui aliyepokelewa na Wanamageuzi, na kwa kawaida hata wa Wamasorti hawamtambui. Kwa hiyo mama wa mchumba anaposema “abadili dini”, mwulize kwa heshima: kwa mahakama ipi, mama? Jibu lake litabadilisha maisha yako yote, kuanzia muda utakaotumia mpaka shule ya wanao.

Shule sisemi kwa mfano wa kufikirika. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya shule ya Kiyahudi ya London iitwayo JFS. Mtoto alikuwa na baba Myahudi wa kuzaliwa, na mama Mwitaliano aliyekuwa Mkatoliki akaingia Uyahudi nje ya mahakama za Kiorthodoksi. Nyumbani walishika dini, sinagogi walikwenda. Shule ikamkataa mtoto kwa kuwa ofisi ya Rabi Mkuu haikumtambua mama yake. Majaji wa Mahakama ya Juu walioketi walikuwa tisa, na wengi wao, watano, wakaona kumpima mtoto kwa ukoo wa mama ni ubaguzi wa moja kwa moja wa asili. Shule ikalazimika kubadilisha kipimo, ikaanza kuangalia familia inahudhuria sinagogi kiasi gani. Serikali ilimsaidia mtoto kwenye mlango wa shule. Ndani ya sinagogi la Kiorthodoksi hakuna jaji wa kifalme anayeweza kumfanya mama yule awe Myahudi.

Israel nako mambo hayo yanapanda na kushuka. Tangu 1970 Sheria ya Kurejea inampa haki ya kuhamia hata mke wa Myahudi asiyebadili dini, pamoja na watoto na wajukuu. Mwezi Machi 2021 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba walioingia kwa Wanamageuzi na Wamasorti ndani ya Israel wahesabiwe Wayahudi kwa ajili ya uraia. Lakini ndoa iko mikononi mwa marabi wa Kiorthodoksi wa serikali, hakuna ndoa ya kiserikali, ndiyo maana wenyeji wengi hupanda ndege kwenda Cyprus kuoana na kurudi na cheti. Unaweza kuwa Myahudi kwenye pasipoti na usiwe Myahudi mbele ya rabi wa kufungisha ndoa, katika mji uleule.

Hebu tuitazame njia ya Kiorthodoksi kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotakiwa na mama mkwe wako. Tegemea miaka miwili, mitatu, au zaidi. Utahama ukae umbali wa kutembea kwa miguu hadi sinagogi, na katika hatua fulani utapelekwa kuishi na familia inayoshika dini ili ujifunze jikoni na mezani, sio darasani tu. Nyama na maziwa havikutani: sufuria mbili, sahani mbili, vijiko viwili. Kuanzia jua la Ijumaa kuzama mpaka nyota za Jumamosi usiku huwashi taa, hupiki, hupandi basi, hushiki simu. Kazi yako ya uuguzi ina nafasi, kwa kuwa kuokoa maisha kunaitangua Sabato, lakini zamu za Jumamosi itabidi uzipange na rabi na pia na mkuu wa wodi.

Na hapa ndipo mchumba wako atashtuka. Mahakama haitakupokea ukawe mke wa mtu asiyeshika Sabato. Watamwita na yeye. Yule aliyekuambia ni makaratasi atatakiwa aache kuendesha gari Jumamosi, ale kosha, yaani chakula halali kwao, aende sinagogi mwaka mzima wala si sikukuu mbili. Mwambie hilo leo jioni, kisha umtazame usoni. Nimeona katika maisha ya watu kwamba mazungumzo hayo hufafanua mengi kuliko barua yoyote ya rabi.

Kisha fikiria nyumbani Kilimanjaro. Desemba inafika, Wachagga wote barabarani kuelekea migombani. Mdogo wako anaolewa Jumamosi, kama harusi zote za kwetu, ibada ni kanisani, sherehe ukumbini, ndafu katikati ya meza amevikwa majani mdomoni. Kwa Mwothodoksi, Jumamosi hiyo hapandi gari kwenda popote. Kanisani wakati wa ibada haingii. Mbuzi ni mnyama halali kwao, lakini mpaka achinjwe na mchinjaji wao aliyesomea, kwa hiyo ndafu humgusi. Kisusio, ile supu ya damu, ndio kabisa, kwa maana damu imekatazwa waziwazi katika Mambo ya Walawi 17. Mbege mwachie rabi aiamue. Utakaa pembeni na chakula chako kwenye kontena, na shangazi zako watasema unajidai Mzungu. Sinagogi kongwe la karibu liko Nairobi. Watu wanaishi hivyo na wanafurahi, wapo. Lakini wameyachagua maisha hayo yenyewe. Kuyabeba kwa sababu ya mama mkwe ni mzigo wa miaka 40.

Kuna wanaoona njia ya mkato: nikubali yote mbele ya mahakama, nikishapata cheti nirudie maisha yangu. Nakusihi usifanye hivyo. Kwanza utakuwa umedanganya mbele ya Mungu wa Ruthu, ambaye ndiye pia wa mama yako. Pili, hata kidunia cheti hicho kinaweza kukuponyoka. Mwaka 2008 mahakama kuu ya marabi nchini Israel, ikianzia shauri la talaka la mwanamke mmoja aliyeonekana hashiki amri, ilitoa hukumu iliyotilia shaka maelfu ya watu waliopokelewa chini ya rabi Haim Druckman, ambaye mwenyewe alikuwa Mwothodoksi. Watu waliokuwa wameishi miaka kama Wayahudi wakaamka hawajui wao ni nani, na watoto wao vilevile.

Njia ya Wanamageuzi na Waliberali ni fupi, ila si ya mchezo. Kwa kawaida ni mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu wanataka uizunguke kalenda yote ukiwa ndani yake: Mwaka Mpya, siku ya kufunga ya Yom Kippur, Pasaka na mikate isiyotiwa chachu, Sabato baada ya Sabato. Utasoma Kiebrania cha kukutosha kufuata sala. Utakwenda mbele ya marabi watatu. Hawatakudai sufuria mbili. Watakudai uwe mkweli kuhusu nyumba utakayoijenga. Kwa mtu aliyeolewa na kijana wa sikukuu kubwa, mimi naona hiyo ndiyo njia inayofanana na maisha mtakayoishi kweli, hata kama mama mkwe atanuna. Ila lazima ujue bei yake: Waorthodoksi hawatakuhesabu, wala wanao.

Watoto, basi. Hapa Mchagga anapata shida, Mluguru anaelewa mara moja. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Waluguru wa Morogoro mtoto anafuata ukoo wa mama, na ndivyo ilivyo kwa Myahudi wa jadi: mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi, hata baba awe nani, na mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi si Myahudi. Mishna, kitabu cha kale cha sheria za marabi kilichokusanywa kama mwaka 200, ndiyo iliyoliandika hilo. Ukoo wa kikuhani na wa Walawi ndio unaopita kwa baba. Kwa hiyo ukizaa kabla hujapokelewa, mtoto wako naye atahitaji kupokelewa kwa taratibu zake. Ukizaa baada, amezaliwa Myahudi kwa wale wanaoitambua mahakama yako. Waliberali wa Uingereza wanamkubali mtoto wa mzazi mmoja, awe baba au mama, akilelewa Kiyahudi. Wanamageuzi wa Marekani waliamua jambo kama hilo mwaka 1983. Unaona mzigo wote ulivyomwangukia mwanamke: kama wewe ndiye ungekuwa Myahudi na yeye Mlutheri, mama yake angekuwa na wasiwasi na mambo mengine, wajukuu wangekuwa salama.

Nimetaja makuhani. Kabla hujafungua kitabu chochote, mwulize mchumba kama yeye ni kohen, mzao wa kuhani. Mara nyingi jina la ukoo linadokeza, kama Cohen, Kahn au Katz, lakini wapo makuhani wenye majina mengine, na baba yake atajua. Kwa sheria ya Kiorthodoksi kohen haruhusiwi kumwoa mwanamke aliyeingia Uyahudi, hata awe mcha Mungu kuliko wote. Wapo waliosoma miaka mitatu wakaja kuligundua hilo wakati wa kupanga harusi. Wamasorti wengi wamelegeza, Wanamageuzi hawalifuati kabisa.

Siku ya mwisho yenyewe ni mikve, birika la maji ya mvua au chemchemi, ujazo wa sea 40 kwa kipimo cha Talmudi, maji ya kutosha kumfunika mtu mzima. Kwa wanaume hutangulia tohara. Aliyetahiriwa zamani hutolewa tone moja la damu. Kwako ni maji. Mwanamke atakusimamia, na kama waamuzi ni wanaume hupangwa wasione mwili wako. Sheria inataka pasiwepo kitu kati ya maji na wewe: pete, heleni, rangi ya kucha, kucha za bandia, lenzi za macho, plasta. Na nywele. Mhudumu wa London aliyezoea nywele za Kizungu huenda asikuambie mapema, kwa hiyo nakuambia mimi: rasta na nywele za kushonea zifumuliwe, nywele zichanwe mpaka maji yapite hadi kwenye ngozi. Usipange saluni siku moja kabla ukaenda kufumua mlangoni. Utazama mwili mzima, hakuna unywele utakaobaki juu, utasoma baraka, utazama tena. Ukitoka utakuwa na jina la Kiebrania, binti wa Abrahamu na Sara.

Jina hilo ndilo litakalomuumiza mama yako, kwa hiyo tumjibu.

Je, utamkana Yesu? Hakuna mahakama itakayokutaka umtukane wala uikanyage Biblia ya mama. Lakini sitakuficha: makundi yote ya Kiyahudi, hata ya huria kabisa, hayampokei mtu anayeendelea kumwamini Yesu kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi. Waamuzi watakuuliza waziwazi. Kama moyoni bado unasali kwa jina lake unapoingia zamu ya usiku, jibu umeshalipata, na hakuna mwanamume anayestahili ulifiche. Mama yako ameuliza swali sahihi kuliko mchumba wako.

Kuhusu kuwa mtoto wake: Talmudi inasema aliyeingia ni kama mtoto aliyezaliwa leo, na kwa hesabu za kisheria hiyo inakata mambo kadhaa ya ukoo. Lakini Maimonides aliandika kwamba mwongofu haruhusiwi kuwadharau wala kuwalaani wazazi wake wasio Wayahudi, bali awape heshima, watu wasije wakasema ametoka kwenye utakatifu mkubwa akaingia mdogo. Katika zama zetu rabi Ovadia Yosef, aliyekuwa Rabi Mkuu wa Wasefardi wa Israel, aliruhusu mwongofu amsomee baba yake asiye Myahudi sala ya Kadishi, ile ya kumkumbuka marehemu. Utampigia mama, utamtumia pesa ya dawa, utamuuguza, utamzika. Utakachokosa ni kushiriki naye Meza ya Bwana, na kwa mama wa Kilutheri hilo si dogo. Usimwambie ni dogo.

Njia ya tatu ni kuoana kila mtu na dini yake. Sheria ya Uingereza inaruhusu harusi ya Kiyahudi yenye nguvu ya kisheria pale tu wote wawili wakiwa wa dini ya Kiyahudi, kwa hiyo ninyi mtaanzia kwa msajili wa ndoa wa serikali. Baada ya hapo wapo marabi wa Kiliberali wanaokubali kuwabariki chini ya hupa, kile kitambaa cha harusi, bila wewe kubadili chochote. Hamtakuwa peke yenu: utafiti wa 2020 wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliona kwamba Wayahudi wa Marekani waliooa au kuolewa tangu 2010, 61% wako na mwenzi asiye Myahudi. Tatizo la ndoa hizi huanza mtoto akizaliwa, pale bibi mmoja anapotaka ubatizo na mwingine anapotaka tohara ya siku ya nane. Siku nane ni chache mno kuanza majadiliano, basi yamalizeni kabla ya pete.

Na usikubali mtu akuambie Mwafrika hafai humo. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, ambao mkuu wao Semei Kakungulu aliishika Torati mwaka 1919 kwa kusoma Biblia tu. Idi Amin akaipiga marufuku dini yao, wakaishika kwa siri. Mwaka 2002 marabi wa Kimasorti walikwenda kuwapokea rasmi watu wapatao 300, na kiongozi wao Gershom Sizomu akasomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu 2008. Hao hawakuwa na mchumba wa kuwavuta.

Kama baada ya yote haya bado unataka kuanza, fanya hivi. Wiki hii mwulize kuhusu kohen. Kisha mwombe mama yake akuonyeshe ketuba yake, hati ya ndoa ya Kiyahudi, kwa maana mahakama itataka ushahidi kwamba hata yeye kijana ni Myahudi kwa kipimo chao. Nenda sinagogi la Wanamageuzi Ijumaa moja jioni na la Kiorthodoksi Jumamosi nyingine asubuhi, ukiwa peke yako. Piga simu kwanza, maana milango ya London ina walinzi. Bado hujafungwa na amri zao, na desturi ni kwamba hata anayejifunza hufanya kazi ndogo moja siku ya Sabato, awashe taa mara moja, mpaka atakapopokelewa. Basi harusi za Moshi na ndafu zake bado ni zako. Mwisho mwandikie rabi barua fupi, useme ukweli kwamba mchumba yupo. Asipojibu, andika tena.